Binti Sultani na Mgongo wa Mkwewe

Ndugu waombolezaji, masheikh wetu, majirani wa Buhongwa, wenzetu mliotoka Magu tangu alfajiri, wanamuziki na wapenzi wa muziki, kabla mama yetu hajainuliwa kwenda kuswaliwa, familia imemteua mkwewe, Elias Kashindye, awasomee maisha yake kwa ufupi, ingawa maisha kama haya ufupi hauyatoshi. Wageni mnaomwona msomaji amesimama kuelekea langoni, jeneza likiwa nyuma yake, msidhani kwamba hakufundwa kwao, wenyeji wanaijua sababu, na ninyi mtaijua kabla hajamaliza.

Marehemu Bibi Dilara Kenani alizaliwa tarehe 11 Septemba 1917 katika jiji la Istanbul, nchini Uturuki, kwenye jumba la kifalme lililojengwa ukingoni mwa maji, akiwa mtoto pekee wa Mwanamfalme Kenani na mkewe Bibi Feride, na mjukuu wa sultani wa ukoo wa Osmani, ukoo ulioitawala nchi ile na nyingine nyingi kwa zaidi ya miaka mia sita. Jambo hili tunalisoma polepole kwa makusudi, maana wapo hapa watu waliomfahamu marehemu kwa miaka mingi na mpaka jana waliamini kwamba jina la Binti Sultani alipachikwa na wapiga muziki. Hapana, jamani, alizaliwa nalo, maana kwao hata mjukuu huitwa binti wa sultani.

Katika nyumba ile, kila aliyetoka mbele ya baba yake, awe waziri au mpishi, alitoka akitembea kinyumenyume mpaka mlangoni, kwa kuwa kumwonyesha mwanamfalme mgongo lilikuwa kosa lisilosameheka, na marehemu, aliyekuwa mtundu kupita kiasi, alikuwa akiwawekea mito ya viti nyuma yao ili wajikwae, akapigwa makofi mikononi kwa hilo na hakuacha. Michezo hiyo iliisha mwezi Machi 1924, serikali mpya ilipoufukuza ukoo mzima nchini, mkubwa kwa mdogo, akapandishwa treni pamoja na wazazi wake akiwa amekumbatia udi wa mama yake, ala ya nyuzi yenye tumbo kubwa kuliko la kwake. Pale stesheni aliwaona watu wale wale wa kutembea kinyumenyume wamesimama wamewapa mgongo, wengine kwa woga, wengine labda kuficha machozi, na hadi uzee wake hakupata kujua nani alikuwa wa woga na nani alikuwa wa machozi.

Kuhusu elimu, marehemu alisoma katika shule ya masista mjini Nice, Ufaransa, kuanzia mwaka 1925 hadi 1932, alikojifunza piano, Kifaransa, kushona, na, kwa maneno yake mwenyewe, kula kidogo. Mama yake alifariki huko mwaka 1931, na mwaka uliofuata baba yake akahamia naye Beirut, nchini Lebanoni, ambako aliufungua ule udi wa mama yake na kuanza kujifunza kwa mzee mmoja kutoka mji wa Halab, Syria, mkali kama pilipili, aliyemwambia siku ya kwanza kwamba vidole havijui habari za sultani, vidole vinajua mazoezi tu. Marehemu alilipenda neno hilo kuliko sifa zote alizowahi kusifiwa, na wengi wenu mliopitia mikononi mwake mmelisikia mkiwa mnatetemeka na gitaa mapajani.

Tarehe 3 Februari 1938 baba yake alifariki dunia mjini Beirut. Waliofika kuzika walikuwa imamu, mwalimu wa udi na muuza mkate wa mtaani, basi, na kwa kuwa hao hawakutosha kubeba jeneza, ilibidi wawasimamishe wapita njia wawaombe wasaidie, nao wakasaidia, wakajikung'uta vumbi, wakaenda zao bila hata kuuliza jina la waliyemzika. Kuanzia siku hiyo marehemu aliishi na hofu moja tu moyoni, naye hakuificha. Kufa sijali, alikuwa akisema, ila nisije nikazikwa na wapita njia.

Akabaki Beirut akifundisha watoto wa matajiri asubuhi na kupiga udi katika hoteli moja jioni, na ni chini ya dirisha la hoteli hiyo, mwaka 1943, lilipoharibikia lori la jeshi la Waingereza lililokuwa chini ya fundi mmoja kijana mzaliwa wa Mwanza, Bwana Liaqat Jafari, ambaye wengi wenu mlimjua. Lori lilitengenezwa kwa nusu saa, lakini udi ulikuwa bado unalia juu, basi fundi akalegeza kitu kingine, likaharibika upya, na kesho yake likaharibika tena mahali pale pale, mpaka mkubwa wake akauliza kama barabara ile ina mkosi. Walifunga ndoa tarehe 14 Aprili 1945 mjini Beirut, na mwezi Februari 1946 wakatia nanga Mwanza kwa meli ya kutoka Kisumu. Inasimuliwa kwamba bibi harusi aliposhuka aliuliza hii ni bahari gani, akaambiwa ni ziwa, hakusadiki, akachota maji kwa kiganja akayaonja, kisha akatamka mbele ya wakwe zake wote kwamba hatimaye ameiona bahari yenye adabu.

Nyumbani kwa Liaqat, nyuma ya soko kuu, walikuwa wametarajia mke wa kuchoma chapati, wakaletewa mke wa kuchoma roho za watu kwa nyuzi, hivyo miezi ya mwanzo haikuwa laini, ila marehemu alijifunza chapati, akajifunza kumpaka sato nazi, akajifunza Kiswahili sokoni na Kisukuma kwa akina mama wauza dagaa, akawa anawazidi kwa kupatana bei. Mungu aliwajalia mtoto mmoja, Shamsha, aliyezaliwa hapa Mwanza tarehe 2 Julai 1949. Kati ya mwaka 1951 na 1967 alifundisha muziki katika shule ya wasichana hapa mjini, na mwaka 1962, baada ya miaka thelathini na minane ya kutokuwa raia wa nchi yoyote chini ya jua, akawa raia wa Tanganyika, siku hiyo akapika biriani, akagawa mtaa mzima, akavunja na sahani mbili kwa furaha.

Mwaka 1969 kiwanda kimoja cha nguo kule Nyakato kiliamua kuwa na bendi, kama mashirika yote yaliyojiheshimu wakati ule, na kikamwajiri marehemu awafundishe wafanyakazi, ndipo ikazaliwa Nyuzi Jazi. Aliwapanga waliotoka kwenye mashine na mafuta yao mikononi, akaupigisha udi pamoja na gitaa na saksafoni, akaingiza ngoma za Magu na Kwimba ndani yake, na mji wote ukahamia Nyakato kila Jumamosi. Siku walipokuwa wanapeana majina ya jukwaani, mpiga ngoma Mhoja alijiita Jenerali, na Chenge wa saksafoni, ambaye hajawahi kumtibu hata kuku, akajiita Daktari, wakamgeukia mama wakamuuliza yeye ataitwa nani, akawajibu kwa unyoofu kabisa kwamba yeye ni binti wa sultani. Wakashangilia, wakasema jina limekaa, mama ana akili ya biashara. Alijaribu kuwaeleza kwamba anasema kweli, Jenerali akampigia saluti akamwambia, "Hata mimi nasema kweli, mama."

Mwaka 1970 alijiunga na bendi kijana wa kupiga besi, mzaliwa wa Magu, Elias Kashindye, ambaye ndiye huyu anayewasomea, naye hakukaa muda mrefu kabla hajagundua kwamba binti wa kiongozi wa bendi huja kumchukua mama yake baada ya mazoezi. Walifunga ndoa tarehe 9 Novemba 1974, baada ya Elias kusilimu na kupewa jina la Ilyasi, jina ambalo mpaka leo hakuna anayemwita isipokuwa sheikh. Bwana Liaqat alisema kwao hawapokei mahari ya mifugo, Mzee Kashindye wa Magu akajibu kwamba kwao hawabebi mtoto wa mtu bure kama kuku wa kuokota, na asubuhi moja wakaswagwa ng'ombe kumi hadi nyuma ya soko kuu, wakala mboga za watu, wakazua kesi. Marehemu alitoka nje, akawatazama, akacheka mpaka akakaa chini, kisha akawapeleka huku Buhongwa, uwanja huu huu mliokalia, akawapa majina ya miji aliyofukuzwa na aliyohama, ndiyo maana mlikuwa mkimsikia jioni akiita Istanbuli, Nisi na Beiruti warudi zizini. Beiruti alikuwa wa maziwa. Istanbuli alikuwa mzuri wa kumtazama lakini anapiga teke.

Hapa sasa tunafika kwenye mgongo. Wasukuma mliopo mnajua, na msiojua mjue, kwamba kwa desturi ya ukwe mume wa binti hamtazami mama mkwe usoni, hali naye meza moja, wakikutana njiani huchepuka, kwa kuwa aliyekuzalia mke ni mtu wa kuheshimiwa kupita wote. Wiki ya kwanza baada ya harusi shangazi yake Elias, Bibi Dorcas, alifunga safari kutoka Magu kuja kumkumbusha, akamwambia, "Mwanangu, macho yako yasikanyage uso wa mama yule." Lakini mama yule ndiye aliyekuwa kiongozi wa bendi, amesimama katikati ya jukwaa, na besi haipigwi kutokea nje ya ukumbi. Basi Jumamosi ile Elias alipanda jukwaani, akageukia ukuta, akawapa mgongo mama mkwe na ukumbi mzima, akapiga hivyo hivyo mpaka mwisho.

Watu walidhani amenuna, baadaye wakadhani ni mtindo mpya, na haikupita muda wapiga besi wa Shinyanga nao wakaanza kupiga wakiwa wametazama ukuta, bila kujua wanamheshimu mkwe wa nani. Ila marehemu usiku ule hakucheka. Alirudi nyumbani akalia, jambo ambalo Shamsha hakuwahi kuliona, akasema kwamba sasa hata huyu kijana amempa mgongo kama wale wa stesheni, na kwamba kumbe hata Mwanza atakuja kuzikwa na wapita njia. Shamsha akakaa naye chini, akamwambia, "Mama, hakukukimbia, anakuheshimu, kwao ndivyo wanavyoheshimu." Marehemu akauliza mara mbili kama ana uhakika, halafu kicheko kikamshika, akasema amezaliwa katika nyumba ambayo mgongo ulikuwa tusi, amepita dunia nzima akiuonyeshwa, na sasa amefika kwa watu ambao mgongo ni zawadi.

Tangu siku hiyo, kila asubuhi Elias alipita mlangoni akiwa ametazama barabara, akasema shikamoo mama, na kutoka ndani ikaja sauti ikisema marahaba, mgongo wangu. Sheikh wetu alimweleza mkwe huyu zaidi ya mara moja kwamba dini haimkatazi kumtazama mama wa mkewe, kwamba huyo ni mama yake, naye akakubali, akashukuru, akaendelea kutazama barabara, maana kuna mambo mtu huyafanya kwa sababu yameshakuwa mapenzi.

Bwana Liaqat alitangulia mbele ya haki tarehe 20 Mei 1981, na marehemu akahamia moja kwa moja huku Buhongwa kwa bintiye, mkwewe na ng'ombe wake. Ilipoingia miaka ya soko huria, kila kitu kikawa ruksa, mitumba ikajaa sokoni, minofu ya sangara ikaanza kupanda ndege kwenda Ulaya, na mwaka 1992 kile kiwanda kikatangazwa kuuzwa na bendi ikavunjwa, vyombo vikafungiwa stoo. Vijana wakasema muziki wa watu kumi umepitwa na wakati, kinanda kimoja cha umeme kinatosha harusi nzima. Marehemu alikuwa na miaka sabini na mitano, akawaita wastaafu wake wote uwanjani hapa, akawaambia kwamba yeye ameshafukuzwa na dola kubwa kuliko hilo shirika lao, na kama ni ruksa kwa mitumba basi ni ruksa kwa wazee pia. Ndivyo Nyuzi Jazi ilivyofufuka, mali ya wenyewe, ikapiga harusi za Nyakato mpaka Magu, na ndugu zetu wa jamii ya Bwana Jitesh walipomwoza binti yao Hiral waliikodi kwa siku zote za sherehe.

Mwaka 1994, sasa kwa kuwa wageni walikuwa wanaingia na kutoka, binamu yake mmoja wa Istanbul alipata habari zake kwa mnunuzi wa samaki, akamwalika aende, akamwambia kwamba wakati wa kufukuzana umepita, chumba kipo, na katika makaburi ya ukoo, pembeni ya babu zake masultani, kuna nafasi yake imetunzwa. Tukubali ukweli, ndugu, tuliogopa. Aliondoka mwezi Juni na Shamsha, amevaa gauni lake la jukwaani, na hapa nyumbani Jenerali Mhoja akasema kwa uchungu kwamba mtu akishaitwa na masultani harudi kuchunga ng'ombe, mkwewe akawa anasema shikamoo kila asubuhi mbele ya mlango usioitika.

Huko Istanbul marehemu alikuta jumba la kwao limekuwa makumbusho, akaingia kwa tiketi, akapanga foleni, akafika chumba alichokuwa akiwawekea watu mito ya kujikwaa, akaikuta piano ya mama yake imezungushiwa kamba, akanyoosha mkono, na mlinzi akamwambia kwa upole, mama, hairuhusiwi kugusa. Shamsha anasema mama yake alicheka mpaka watalii wakageuka. Kisha walimpeleka makaburini, akawasomea wazee wake dua kwa machozi ya kweli, akaitazama ile nafasi nzuri ya marumaru, akawashukuru sana jamaa zake, akasema atawajibu.

Ndege yao ilitua Mwanza tarehe 8 Julai 1994, mchana. Bendi nzima ilikuwa imejipanga nje ya uwanja, Daktari Chenge na saksafoni, Jenerali na ngoma, akina mama wa dagaa na vigelegele, wote wamenyoosha shingo kuelekea ndege, isipokuwa mtu mmoja aliyesimama katikati yao ametazama upande wa barabara. Marehemu aliposhika ngazi za ndege aliutafuta umati ule kwa macho, akauona mgongo ule, akamshika Shamsha mkono akamwambia, "Pale. Nimefika." Jioni hiyo hiyo alitamka mbele ya familia na sheikh akiwa shahidi, kwamba jamaa zake wa Istanbul waambiwe kwa heshima ile nafasi wampe mwingine, yeye azikwe Mwanza, kwa sababu kule wanalijua jina lake na huku wanamjua yeye.

Kuhusu ugonjwa, marehemu alianza kusumbuliwa na moyo mwezi Machi mwaka huu, akatibiwa akarudi jukwaani, na mwishoni mwa Oktoba, akiwa ametoka kupiga kura, akisisitiza kwamba mtu wa ukoo wake hana budi kuona mambo haya yanavyofanywa vizuri, akazidiwa na kulazwa hospitali ya rufaa hapa mjini. Mkwewe alikaa naye kila siku, kiti kikiwa kimeelekea dirishani, mpaka nesi mmoja, Sista Wilhelmina, akadhani wamegombana, akamgeuza na kiti chake, akamwambia, "Baba, kaa umtazame mgonjwa wako," naye akajigeuza tena, nesi akamrudisha tena, hadi marehemu akasema kwa sauti ndogo, "Mwache, mwanangu. Huyo ndivyo anavyonitazama."

Siku moja kabla ya kufariki alimwita kwa jina lake. Akamwambia, "Elias, geuka." Elias akajibu, "Mama, siwezi." Ndipo marehemu akasema haya, nasi tunayasoma kama yalivyotamkwa, "Basi siku macho yangu yakifumba, wewe nitazame. Ruhusa nimeitoa mimi mwenyewe. Nisiondoke bila kuonwa na mwanangu." Alifariki dunia asubuhi ya Jumatano, tarehe 15 Novemba 1995, saa nne, akiwa na umri wa miaka sabini na minane, bintiye amemshika mkono. Ameacha mtoto mmoja, mkwe mmoja, wajukuu wanne, bendi moja, na ng'ombe wengi.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, na Sista Wilhelmina kwa kile kiti, majirani wa Buhongwa waliolala nasi hapa tangu jana, sheikh wetu kwa subira yake, wanafunzi wake wa zamani, wafanyakazi wenzake wa Nyakato, wazee wa Magu, jamii ya Bwana Jitesh iliyoleta chakula cha msiba wote, na wanamuziki ambao leo wameviacha vyombo nyumbani kwa heshima ya dini na kuja na mabega yao matupu. Mabega hayo yanatosha, jamani. Wanaogombea kubeba jeneza hili ni wengi mno, imebidi tuwapange kwa zamu, na mmetoka mpaka nje ya lango, kila mmoja wenu analijua jina lake, na kila mmoja alishawahi kukaripiwa naye.

Sasa msomaji anageuka.

Shikamoo, mama. Mkwe wako yuko mbele yako, amekutazama kama ulivyomruhusu, na anakushukuru kwa mke, kwa muziki, na kwa miaka yote uliyouitikia mgongo wake. Na kwa kuwa wewe leo huwezi kuitika, tunawaomba waombolezaji wote wakuitikie kwa pamoja, kwa sauti ya kufika Istanbul.

Marahaba.

Pumzika kwa amani, mama. Hapa hakuna mpita njia.